Uchambuzi wa kisa: Linux kwenye diski ya nje, Windows ya shule ikagoma kuwaka

Kisa hiki kilitokea katika shule ya sekondari iliyo nje kidogo ya Jiji la Dodoma. Jina la shule, kata na watu nimeyaondoa, na mambo machache yasiyohusu ufundi nimeyabadili ili mtu asitambulike. Hatua za kiufundi ziko kama zilivyokuwa. Nakiandikia mafundi wenzangu, walimu wa kompyuta, na yeyote anayetaka kuweka Linux kwenye diski ya nje huku Windows ikiendelea kukaa ndani ya mashine. Kilichotokea hapa huwapata wengi, hata walio makini.

## Mazingira

Mwalimu A anafundisha hisabati. Mwisho wa wiki anasoma shahada ya uzamili katika chuo kimoja mjini, na muhula ule alikuwa na somo la mifumo endeshi lenye kazi za vitendo kwenye Linux: kugawa diski, kufuatilia jinsi mashine inavyowaka, kubadilisha kerneli, yaani kiini cha mfumo. Kompyuta yake mwenyewe ilishakufa. Aliyokuwa akiitumia ni kompyuta mpakato ya shule, yenye Windows 11, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256. Hiyo hiyo ndiyo mwalimu wa taaluma anayoingizia alama za wanafunzi, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne.

Aliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, akaruhusiwa kuondoka nayo mwisho wa wiki kwa sharti moja: kilichomo ndani kisiguswe.

Sharti hilo ndilo lililomfikisha kwenye diski ya nje. Mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya Windows, aliifikiria, lakini ukiigawa RAM ya GB 8 baina ya Windows na Linux yenye madirisha, zote mbili zinakokota. WSL, ile Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, ingemfaa kwa amri za kawaida, ila siyo kwa kazi za kuwaka kwa mashine, maana humo hakuna GRUB, programu ya kuwashia Linux, ya kujifunzia. Kumega SSD ya shule kulikuwa kinyume cha ruhusa aliyopewa. Akachukua diski ya GB 500 iliyotoka kwenye mashine yake iliyokufa, akainunulia kava la USB 3.0, na mwanafunzi mwenzake akampa flashi yenye Ubuntu 22.04, mojawapo ya aina za Linux.

Uamuzi wenyewe naukubali. Mtu anayejifunza mfumo endeshi anahitaji mashine halisi, na diski ya nje ndiyo njia ya bei nafuu ya kuipata bila kuharibu ya mwenzake.

## Yaliyotokea

Ijumaa jioni alianza kazi. Video aliyoifuata ilimwelekeza kwanza azime Secure Boot, ulinzi unaoruhusu programu zilizotiwa sahihi tu kuiwasha mashine. Akaingia kwenye mipangilio ya UEFI, programu ya ndani inayoianzisha mashine na ambayo wengi bado tunaiita BIOS, akaizima, akahifadhi, akawasha mashine kwa flashi.

Kwenye kisakinishi hakubonyeza ovyo. Alichagua kugawa diski kwa mkono. SSD ya ndani ilionekana kwa jina la nvme0n1, flashi ikawa sda, diski ya nje ikawa sdb. Juu ya sdb akatengeneza kipande cha EFI cha MB 512, ambamo programu ya kuwashia hukaa, kipande cha swap cha kuisaidia RAM, na eneo lililobaki akalipa ext4, muundo wa mafaili wa Linux. Chini ya ukurasa huo kuna kisanduku kinachouliza programu ya kuwashia iwekwe kwenye diski ipi. Akachagua sdb. Alipiga na picha ya skrini kwa simu, na picha hiyo ilinisaidia sana baadaye, kwa sababu ilionyesha wazi kuwa alichagua sawasawa.

Usakinishaji ukaisha salama. Jumamosi na Jumapili Linux iliwaka, polepole kidogo kwa kuwa diski ni ya kuzunguka, lakini bila tatizo. Kazi zake za chuo akazimaliza. Windows hakuifungua, kwa hiyo hakukuwa na cha kumshtua.

Jumatatu asubuhi akairudisha mashine shuleni, diski ya nje akaiacha nyumbani. Mwalimu wa taaluma akaiwasha. Badala ya Windows kikaja kioo cheusi, mstari wa juu ukitaja toleo la GRUB, na chini yake neno grub> likiwa na alama inayopepesa. Akazima, akawasha tena, hali ikawa ile ile. Kijana wa stationari ya jirani akaitwa. Akabonyeza F12, akapata orodha, akachagua Windows Boot Manager. Hapo ikatokea skrini ya bluu ya BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, ikidai ufunguo wa tarakimu 48.

Pale shuleni hakuna aliyewahi kuuona ufunguo huo, wala aliyejua kwamba diski imefungwa kwa usimbaji. Akaunti ya Microsoft iliyotumika kuianzisha mashine ilikuwa ya mkuu wa shule aliyetangulia, ambaye alishahamishiwa mkoa mwingine. Alipopigiwa simu alijitahidi, lakini nywila hakuikumbuka, na laini ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti ile hakuwa nayo tena.

Ndipo nikapigiwa mimi.

"Fundi, habari za asubuhi. Mashine ya alama imegoma. Kijana hapa anasema ipigwe Windows mpya itapona. Tumruhusu?"

"Nzuri, Mwalimu. Hapana, asiiguse. Izimeni, muiweke kwenye chaji, nakuja."

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa huo wa kwenye simu. Kupiga Windows upya kungeiwasha mashine, na alama zote zingekwenda. Kwa diski ambayo haijafungwa, fundi anaweza kuichomoa, akaichomeka kwenye mashine nyingine na kunakili mafaili. Kwa diski iliyofungwa na BitLocker njia hiyo haipo: bila ufunguo, unachokiona ni data isiyosomeka. Na nakala nyingine ya alama haikuwepo.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuacha kuutafuta ufunguo na kuirudisha mashine katika hali iliyokuwa nayo Ijumaa mchana. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu mafundi wengi huikimbilia akaunti ya Microsoft kabla ya kujiuliza kwa nini ufunguo umeulizwa.

BitLocker ya kwenye kompyuta mpakato kwa kawaida huulinda ufunguo wake wa kila siku, tofauti na ule wa akiba wa tarakimu 48, kwa chipu ya usalama iitwayo TPM. Kila mashine inapowaka, vipimo vya namna ilivyowaka huandikwa kwenye chipu hiyo, na mojawapo ni hali ya Secure Boot pamoja na cheti kilichotumika kuthibitisha programu ya kuwashia. Vipimo vikilingana na vya siku zote, chipu inautoa ufunguo na mtumiaji haoni kitu. Visipolingana, chipu inakataa na skrini ya bluu inatokea. Kwa hiyo ufunguo wa kila siku wa mashine ile haukuwa umepotea. Ulikuwa ndani ya mashine, ukisubiri vipimo vya zamani.

Nikaingia kwenye mipangilio ya UEFI, nikawasha Secure Boot. Nikabonyeza F12, nikachagua Windows Boot Manager moja kwa moja. Windows ikafunguka bila kuuliza chochote.

Neno "moja kwa moja" nimelitumia kwa makusudi. GRUB nayo inaweza kukupeleka Windows, lakini ukipitia huko, kwanza inawaka shim, programu ndogo ya Linux iliyothibitishwa kwa cheti tofauti na kile cha Windows yenyewe. Vipimo vinabadilika, na skrini ya bluu inaweza kurudi hata kama Secure Boot imewashwa.

Kuna hatari nyingine iliyokuwa karibu mno. Kwenye mashine nyingi, ukurasa ule ule wa usalama wenye Secure Boot una chaguo la kufuta TPM. Mtu mwenye haraka anaweza kulibonyeza akidhani anaweka mambo sawa. Angelifuta, ufunguo unaolindwa na chipu usingefunguka tena, na tegemeo pekee lingebaki akaunti ya mtu aliyehama.

Windows ilipofunguka sikugusa kingine kabla ya mambo mawili. Mafaili ya alama tuliyanakili kwenye flashi mbili, moja ya mwalimu wa taaluma na moja ya mkuu. Kisha nikafungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika `manage-bde -protectors -get C:`. Amri hiyo huonyesha ufunguo wa tarakimu 48 wakati Windows iko wazi, bila kuhitaji akaunti ya mtu. Mwalimu wa taaluma aliusoma kwa sauti, mkuu akaandika kwa mkono, kisha wakabadilishana kuhakiki. Karatasi ikaingia kwenye kabati la mkuu.

Uamuzi wa tatu ulihusu Linux yenyewe. Mkuu alitaka iondolewe kabisa, na namwelewa. Nilimweleza kuwa kilichoharibika ni mahali ilipowekwa programu ya kuwashia, na kwamba inaweza kuhamishwa yote ikatoka kwenye mashine ya shule. Akakubali, mradi nimwonyeshe kwa macho.

## Ukarabati

Jioni Mwalimu A alileta diski yake. Kabla ya kuichomeka tulisitisha kwa muda ulinzi wa BitLocker, ili mabadiliko ya kuwaka yasitulete tena kwenye skrini ya bluu.

Tulipoingia Linux na kuangalia kwa `lsblk -f`, picha ikawa wazi. Kipande cha EFI alichokitengeneza kwenye diski ya nje kilikuwa kitupu. Folda ya ubuntu ilikuwa kwenye kipande cha EFI cha SSD ya ndani, kando ya folda ya Microsoft. Kisakinishi kilichotumika, Ubiquity, kina tabia hii iliyoripotiwa tangu 2014: kikikuta kipande cha EFI kwenye diski ya kwanza hukitumia hicho, hata kama mtumiaji amekielekeza kwingine.

Tulijenga kwanza, tukabomoa baadaye. Kwenye faili la `/etc/fstab`, linaloorodhesha vipande ambavyo Linux huvipandisha inapowaka, nilibadilisha mstari wa `/boot/efi`, nikaondoa UUID (kitambulisho) ya kipande cha ndani na kuweka ya kile cha diski ya nje. Nikaishusha `/boot/efi` na kuipandisha tena, nikahakikisha sasa iko kwenye sdb, kisha:

`sudo grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --force-extra-removable --no-nvram`

Chaguo la `--force-extra-removable` huweka pia nakala kwenye njia ya EFI/BOOT/BOOTX64.EFI. Njia hiyo ndiyo UEFI huitafuta kwenye kifaa chochote cha nje, hata kama hakijaandikwa kwenye orodha yake. Chaguo la `--no-nvram` linazuia jina lolote kuongezwa kwenye orodha ya mashine ya shule.

Tukazima. Tukawasha kwa F12 na kuchagua diski ya USB. Linux ikawaka, Secure Boot ikiwa imewashwa. Ile shim imetiwa sahihi na Microsoft, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kuizima tangu mwanzo. Baada ya kuona hivyo ndipo nilipofungua kipande cha EFI cha ndani na kufuta folda ya ubuntu peke yake. Folda za Microsoft na Boot sikuzigusa. Jina lililobaki kwenye orodha nililiondoa kwa `efibootmgr`.

Mkuu akaomba tuzime mashine, tuchomoe diski, tuwashe. Windows ikafunguka. Akaomba turudie. Ikafunguka tena. Ulinzi wa BitLocker tukaurudisha.

## Matokeo

Alama hazikupotea. Mwalimu A anaendelea kusoma kwa diski yake, na kila anapotaka Linux anachomeka na kubonyeza F12.

Siku chache baadaye mwalimu wa taaluma aliniuliza kwa nini saa ya kompyuta imerudi nyuma: saa mbili asubuhi inasomeka saa kumi na moja alfajiri. Windows huichukulia saa ya ndani ya mashine kuwa ni saa ya hapa. Linux huiandika kwa saa ya dunia, nasi tuko saa tatu mbele. Upande wa Linux tukaandika `timedatectl set-local-rtc 1`, yakaisha.

Baada ya masasisho fulani ya Linux, jina la ubuntu lilirudi juu ya orodha ya UEFI. Mwalimu A alinipigia akiwa na wasiwasi mwingi. Nilimwambia achomoe diski awashe. Windows ikaja yenyewe.

## Uchambuzi

Tofauti kati ya Jumatatu ile na siku hii ya masasisho ndiyo kiini cha kisa. Kwenye mashine ya UEFI, kuweka Linux kwenye diski ya nje kunagusa sehemu tatu tofauti. Kuna mafaili ya mfumo, ambayo yalikwenda kwenye diski ya nje kama ilivyotakiwa. Kuna programu ya kuwashia, inayokaa kwenye kipande cha EFI. Na kuna orodha ya majina iliyo kwenye kumbukumbu ya ubao wa mashine, isiyo kwenye diski yoyote. Wengi tunaiangalia ya kwanza tu, tunasema kazi iko nje.

Orodha hiyo inafanya kazi kama mwalimu anayeita majina darasani: linaitwa la kwanza, asipokuwepo linaitwa linalofuata. Jumatatu ile jina la ubuntu liliitwa likaitika, kwa sababu faili lake lilikuwa ndani ya SSD ya shule. UEFI ikaridhika, ikaacha kuita. GRUB ikaanza kutafuta diski yenye UUID iliyoandikiwa, diski iko nyumbani, ikasimama kwenye grub>. Faili lingekuwa kwenye diski ya nje, ubuntu asingeitika na Windows ingeitwa. Ndiyo maana jina liliporudi baada ya masasisho halikudhuru.

Mwalimu A simlaumu kwa kisakinishi. Alisoma kila ukurasa na akachagua sahihi. Alichokikosa ni jaribio: baada ya kusakinisha, zima kabisa, chomoa diski ya nje, washa. Angefanya hivyo Ijumaa, tatizo lingemkuta yeye, nyumbani, akiwa na siku mbili mbele yake. Mimi sasa siihesabu kazi ya namna hii kuwa imeisha kabla ya jaribio hilo.

Kuzima Secure Boot kulikuwa ushauri mbaya wa video. Hakukuleta grub>, lakini kuligeuza tatizo la kubonyeza F12 kuwa hofu ya kupoteza alama za shule nzima. Kama kuna ulazima wa kuizima, kwanza angalia hali ya diski kwa `manage-bde -status`, andika ufunguo, sitisha ulinzi, ndipo uendelee.

Kuna njia za kuzuia kosa la kisakinishi kabla halijatokea. Iliyo safi zaidi ni kuificha SSD ya ndani wakati wa kusakinisha, kwa kuizima kwenye UEFI kama mashine inaruhusu, au kuilegeza skrubu na kuichomoa. Mashine nyingi hazina chaguo la kuizima, na si kila mtu atapewa ruhusa ya kufungua mashine ya ofisi. Wengine huondoa kwa muda alama za boot na esp, zinazokitambulisha kipande cha EFI cha ndani, kwa programu ya kugawa diski ya GParted, wakimaliza wanazirudisha. Njia hiyo inafanya kazi, lakini kwa mashine ya watu siipendi: umeshaandika kwenye diski uliyoahidi kutoigusa, na umeme ukikatika katikati betri ikiwa mbovu, Windows haitapatikana. Inayobaki ni kusakinisha bila programu ya kuwashia, kwa kukianzisha kisakinishi na amri ya `ubiquity -b`, halafu kuiweka GRUB kwa mkono. Inataka mtu anayejua anachofanya.

Linalonisumbua zaidi halihusu Linux. Shule iliweka alama za vidato vinne kwenye mashine moja, bila nakala, imefungwa kwa ufunguo ulio kwenye akaunti binafsi ya mtu ambaye uhamisho wake ulikuwa suala la muda tu. Chai ingemwagika juu ya ile mashine, kibodi ikaungua na ubao ukafa, yangekuwa yale yale, na pasingekuwa na Secure Boot ya kuwasha. Kwenye ofisi zetu watu huhama, na akaunti huondoka nao. Niliwaomba wafungue akaunti ya shule, siyo ya mtu, na nakala ya alama itoke kila Ijumaa. Akaunti wamefungua. Nakala za Ijumaa, mwalimu wa taaluma anazisimamia.

## Yaliyobaki

Diski ya Mwalimu A ni ya zamani. Nilipoipima kwa `smartctl`, idadi ya sekta zilizohamishwa, dalili ya diski kuchoka, ilikuwa imeanza kupanda, na kila wiki inapanda bodaboda kwenda na kurudi mjini kwenye barabara ya vumbi. Waya wa kava nao umelegea: ukichomoka wakati Linux inafanya kazi, mfumo unaganda na inabidi mashine izimwe kwa nguvu.

Amepanga kununua SSD ya GB 512 na kunakili diski nzima kama ilivyo, ili asisakinishe upya. Itawaka, kwa sababu UUID zitakwenda pamoja na nakala. Nimemsisitizia kwamba baada ya hapo asizichomeke zote mbili kwa pamoja. Linux itaona vipande viwili vyenye kitambulisho kimoja, inaweza kupandisha chochote kati ya hivyo, naye akaandika kazi yake ya chuo kwenye diski inayokufa akidhani yuko kwenye mpya.